Jibu kwa Mgaya, Aliyeuliza Pa Kula

Umeniuliza, Mgaya, hata begi hujalifungua,
pa kula pazuri mjini hapa ni wapi,
kalamu mkononi, kana kwamba nitataja jina moja
uliandike, ulipigie mstari, yaishe.

Jina moja sina.
Tanga hailiwi kwa sahani moja.

Asubuhi shuka Barabara ya Nane,
simama penye baiskeli nyingi kuliko watu.
Kibao hakuna. Yupo Bi Mwanakombo na chuma chake,
anageuza vitumbua kwa spoku,
na ukimuuliza bei atakuuliza wewe mtoto wa nani.
Jibu hilo kwanza. Hata kama ni Njombe, jibu.
Omba vya ukingoni, vilivyoungua kidogo;
vya kati huwapa wenye haraka.

Chai usinywe kwake.
Ni maji ya moto yaliyosikia tu habari za majani.
Vuka uende kwa Bawazir,
ambaye maziwa huyachemsha mpaka yajute
na iliki huiponda kwa kitako cha chupa.
Gazeti lake la juzi. Usilalamike,
wanaobishana nalo hawajafika ukurasa wa mwisho.

Mchana, jua la hapa halina adabu.
Pita mnara wa saa, saa usiitazame, tumbo linatosha;
nyuma ya maghala ya mkonge kuna dirisha la kijani.
Gonga mara mbili, useme: wa kupaka.
Kama ni changu, subiri.
Kama ni jodari, shukuru, nenda zako, rudi kesho.
Wali utakuja umefunikwa kawa,
na achari ya embe pembeni
kama shahidi ambaye hakuna aliyemwita
na ndiye atakayeimaliza kesi.

Kisamvu cha Chumbageni nilikuwa nakisifu.
Siku hizi wanatia karanga za pakiti. Basi.

Usiku ni wa ndugu wawili wa Makorora.
Hawasemeshani, majiko yao yamepeana mgongo.
Mmoja mishkaki, mmoja ndizi.
Mimi nanunua huku, nanunua kule,
nachanganya kwenye karatasi moja, nimesimama katikati,
nao wananitazama mkononi
kama wanaotazama mtoto wa kuwapatanisha.

Sasa utauliza, maana watu wa bara mnauliza,
mbona vya nje navijua hivi
na jikoni kwangu sufuria zimepangwa kama za dukani.

Miaka thelathini na miwili sikujua chungu cha mtu.
Natoka ofisi ya reli saa sita na nusu,
navuka, nakula kwangu, nalala kidogo.
Walionikaribisha niliwaambia nimeshiba
hata nikiwa na njaa.
Kisha Mwanahija akaenda Bombo kupima presha,
akarudi amebebwa.

Arobaini ikapita, masinia ya watu yakarudi kwao,
nikatoka nje na njaa, mgeni wa mji niliozaliwa.
Niliuliza kama unavyouliza.
Nilielekezwa vibaya, nikala wali wenye kiini,
nikalipa, nikasema ahsante.

Kwa hiyo usidhani ni ulafi.
Vile vitumbua vya ukingoni vina moto wake.
Chai ya Bawazir ina iliki yake, sukari hapana.
Samaki wa dirisha la kijani ana ukwaju wake kabisa,
ndiyo maana hapo Ijumaa siendi.
Mahali alipo mzima sijapapata.
Nampata barabara hii kijiko, ile tone.

Haya, funika kalamu yako.
Kesho saa kumi na mbili na nusu tutoke wote.
Usivae shati la kazini, mafuta yanaruka.
Na Bi Mwanakombo akikuuliza wewe mtoto wa nani,
tafuna tu.
Nitajibu mimi.